Sale Tuliyoipeleka Boma

Binti wa makumbusho aliniambia lile ni ua la mapambo.

Alisema kwa adabu, mikono nyuma, kwa sauti ya kukariri kama watoto wa kipaimara wanavyosoma mbele ya mchungaji. Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi za Boma la Arusha, mimi na mjukuu wangu. Huyu mjukuu ni mwalimu wa sekondari, tena wa hesabu. Alikuwa amenileta mjini kupimwa macho, daktari akachelewa, naye mjukuu akaona badala ya bibi kusinzia kwenye benchi ni heri amtembeze. Binti akatuonyesha zile kuta nyeupe na minara, akasema ngome hii ilijengwa na Wajerumani.

"Wajerumani wangapi walibeba mawe?" nikamuuliza.

Akacheka, akadhani bibi ana utani. Ndipo nikanyoosha fimbo pembeni ya ngazi, kwenye kichaka cha majani marefu ya kijani yaliyochongoka kama ndimi. "Na hiki ni nini?"

"Ua la mapambo, bibi. Tunalimwagilia kila jioni."

Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Mjukuu wangu akaanza kunipepea kwa mkoba, akidhani ni presha. Haikuwa presha.

Ile ilikuwa sale. Kama wewe ni mtu wa mlima huu, ruka mistari hii. Kama si wa huku, keti nikueleze, maana bila hii hutaelewa kwa nini mtu mzima alikaa chini mbele za watu. Sale tunaipanda mpakani mwa kihamba, yaani lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, na hakuna mwenye akili anayeing'oa. Tunaipanda kaburini, kichwani pa marehemu. Na ukimkosea mtu kosa kubwa, huendi kwake na maneno, maneno ni upepo. Unakata sale, unaifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Akiipokea, yamekwisha. Hana ruhusa ya kusema ngoja nifikirie. Kupokea ndiko kujibu. Na mtu akipokea kisha akageuka, wazee walisema boma lake litakauka mpaka kwenye mashina. Mimi mwenyewe nilishamwona mwanamume aliyeapa kumkata ndugu yake kwa panga, povu mdomoni, akasimama ghafla kama amemwagiwa maji ya mlimani, kwa sababu tu mtoto mdogo alimshikisha jani hilo. Panga likaanguka. Jioni ndugu wale walikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja.

Sasa nirudi nyuma. Mjerumani alikuwa ameshafukuzwa, Mwingereza ndiye aliyekaa Boma, na vita vya pili vilikuwa bado. Sisi tuliishi Akheri, juu kidogo ya Tengeru, na mimi na mwenzangu tulikuwa wasichana wadogo wa kukata majani ya ng'ombe. Mwenzangu, ndivyo nitakavyomwita humu, alikuwa rafiki yangu tangu tunanyonya mpaka siku nilipomfumba macho. Kihamba chao na chetu vilitenganishwa na mstari wa sale tu. Asubuhi, ukungu wa Meru ukiwa bado umelala juu ya migomba, ungesikia matone yakidondoka kutoka jani hadi jani, ng'ombe akikohoa zizini, na mwenzangu akinipigia mluzi kupitia pengo la meno yake. Tulikata majani, tukarudi tumebebeshwa mpaka nyuso hazionekani, utadhani vichaka viwili vinatembea. Kisha maji ya mfereji. Kisha samadi kuipeleka kwenye mashina. Shule niliijua kidogo tu, kwa mwinjilisti, nikaishia kusoma na kuandika, basi. Mgongo wangu ndio uliosoma zaidi.

Mwenzangu alilelewa na babu yake. Mama yake alifariki akimzaa, baba yake alikwenda kutafuta kazi akamezwa na barabara, na bibi naye alishatangulia. Kwa hiyo babu alipika mwenyewe. Wanaume wakipita waliona moshi, wakamtania, "Mzee, leo umejifunga kanga ya rangi gani?" Naye alikoroga chungu bila kuinua kichwa, akajibu, "Ile ile aliyosahau mkeo alipokuja kuniomba chumvi." Nimekula mtori mwingi maishani, hata wa harusi za wenye magari, lakini hakuna uliofikia ule wa babu. Mfupa umechemka tangu asubuhi, ndizi zimepondwa mpaka zimesahau kwamba zilikuwa ndizi, na samli inaelea juu kama jua. Moto wa nyumba ile haukuzimika kamwe. Kila jioni aliufukia kwenye majivu, kila asubuhi aliufukua na kuupuliza, na sisi majirani wote tuliomba kaa kwake. Alikuwa pia mtu wa nyuki. Alipita na harufu ya asali na moshi, unamjua kabla hujamwona.

Na alikuwa na msemo wake. Mgeni akimuuliza anaishi wapi, alisema, "Mimi nina nyumba mbili. Hii ya majani, na ile nyeupe kule Arusha." Kisha alivua shuka begani akatuonyesha mgongo. Ujanani alikamatwa pamoja na rika lake kubeba mawe na chokaa ya kujengea Boma, na aliyelegea alikula kiboko. Makovu yalikuwa yamevimba kama mizizi juu ya ardhi. Sisi watoto tuliyapitishia vidole, hatukuogopa, tuliyajua kama njia ya mtoni. "Ukuta ule una ngozi yangu," alisema. "Mtu akikuuliza nyumba ni ya nani, muulize ngozi iliyomo ni ya nani." Akacheka. Nasi tukaamini kwa moyo wote kwamba kule mjini kuna nyumba nyeupe ya babu, ila kwa sasa amewaazima Wazungu.

Ndipo likaja jambo la mti wa mringaringa. Babu alikuwa na mti wake juu, karibu na msitu, ambao baba yake aliuwekea alama tangu zamani kwa ajili ya kuchongea mizinga ya nyuki. Serikali ikapiga mpaka wa msitu, mti ukabaki upande wa serikali. Kama aliambiwa, hakusikia. Kama alisikia, hakukubali. Akapanda, akauangusha, akaanza kuchonga. Askari wa msitu wakamkuta ameukomba mzinga nusu, ameketi anakula ndizi ya kuchoma. Wakamteremsha na ule mzinga wake kichwani, ndio ushahidi. Alipita mbele ya nyumba yetu hivyo, mwenzangu akimfuata na kumvuta shuka, naye akisema, "Rudi ukaulinde moto, mama. Nakwenda kutazama nyumba yangu ya pili."

Siku zikapita. Mwenzangu akalala kwetu lakini kila asubuhi alivuka mstari wa sale kwenda kupuliza moto wa babu. Kisha baba yangu akarudi kutoka sokoni Tengeru na habari: wafungwa wa Boma watapakiwa kwenye treni Jumatatu, wapelekwe jela ya Tanga. Tanga! Kwetu mtu akisema Tanga ni kama amesema mwezini. Wazee wakakaa nyuma ya jiko letu na kibuyu cha mbege, hakuna aliyekuwa na hamu ya kunywa. Mwenzangu alikuwa anamenya ndizi pembeni. Akauliza, kisu mkononi:

"Kwa nini hampeleki sale?"

Wakatazamana. Baba yake mdogo akamwambia, "Mwanangu, sale ni ya watu wanaoijua. Mzungu hana sale."

"Ana mikono?"

"Mikono anayo."

"Basi atapokea."

"Nyamaza, umenye ndizi," baba yake mdogo akasema. Baba yangu akatikisa kichwa, lakini niliona amegeuka kufuta pua.

Mwenzangu akanyamaza. Nilimjua. Akinyamaza hivyo, ujue ameshaondoka, umebaki mwili tu.

Jumamosi asubuhi tulipotumwa kukata majani, aliinama kwenye mpaka akakata sale, si jani tupu bali kilele kizima na shina lake. Akaifunga fundo, akaiviringisha kwenye jani la mgomba lenye umande. "Hii ni ya kwenu na ya kwetu," akasema, "kwa hiyo twende wote." Ningesema nini? Mpaka ni wa wawili. Tukaficha mundu kwenye shina la mgomba, tukachukua ndizi za kuchoma na kibuyu kidogo cha maziwa mgando, tukashuka.

Njia ile, ndugu yangu, sasa ni lami na maduka. Wakati ule ilikuwa vumbi la kijivu lililoingia puani mpaka unapiga chafya za majivu. Mashamba ya Wagiriki yalikuwa yamejaa maua ya kahawa, meupe kama theluji ya Kibo, harufu tamu mpaka inauma kichwa. Lori likipita, tuliruka kwenye mkonge wa ukingoni, tukachomwa, tukacheka. Mwenzangu hakuiacha ile sale hata alipochuchumaa kukojoa. Alinipa mimi nishike kwa mikono miwili, akanitazama muda wote kama ningeila. Mto Nduruma tuliuvuka juu ya mawe, tukala huko, miguu ndani ya maji baridi. Mama mmoja wa Kiarusha, mapambo ya shaba yakimning'inia masikioni, alikuwa anapumzisha punda wake. Akatucheka: "Nyie Wameru wadogo, mbona mmebeba ndizi kwenda mjini? Mjini watu wanakula pesa." Mwenzangu akamjibu, "Sisi tunakwenda kwa babu, nyumbani kwetu." Mama yule akatuvutia mdomo, lakini akatumiminia maziwa zaidi kwenye kibuyu.

Mji ulianza na sauti. Misumeno. Singasinga mmoja, ndevu zimefungwa, alikuwa anapiga randa mbele ya karakana, na maranda yalijikunja miguuni mwake yakinukia vizuri kupita mkate. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Tulipomuuliza njia ya Boma, ndipo akainua. Akatutazama, akatazama lile furushi la majani. "Boma si mahali pa watoto kutembea," akasema. "Fuateni barabara moja kwa moja. Ukuta mweupe. Msiguse kitu." Tukapita maduka ya Wahindi, kanga zimening'inizwa, harufu ya mafuta ya taa, bizari na ngozi mpya. Macho yangu yalikuwa yanataka kubaki nyuma. Mwenzangu alinivuta. Hakutazama hata kitambaa kimoja, na alikuwa mtu wa kupenda vitambaa.

Na kweli lilikuwa jeupe. Jeupe mpaka jua lilipolipiga ilibidi tufumbe jicho moja. Minara imesimama, matundu ukutani kama macho ya bundi. Mwenzangu akazunguka kidogo, akanusa.

"Boma gani hili lisilo na mavi ya ng'ombe?" akasema.

Unaona, kwetu boma ni uzio, ni ng'ombe, ni mzee mwenye boma anayekaa mlangoni. Hatukujua Boma jingine. Kwa hiyo tulifanya kama mtu anavyofanya bomani kwa watu: tulisimama getini tukapiga hodi.

Askari wa zamu, kofia nyekundu yenye shada, alicheka mpaka bunduki ikatingishika. "Hodi? Huku watu huletwa, hawapigi hodi!" Kisha mwenzangu akafungua jani la mgomba. Kicheko cha askari kikakatika hapo hapo. Akaacha Kiswahili, akaanza kusema lugha yake. Alikuwa mtu wa Machame, na lugha yake na yetu ni mtu na ndugu yake.

"Mnajua mlichobeba?"

"Tunajua."

"Nani amewatuma?"

"Hatukutumwa. Ni ya babu yangu. Alikata mti."

Akatazama ile sale, akatazama ndani, akatazama miguu yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa. "Njooni," akasema.

Barazani palikuwa na watu wengi wanaongoja mashauri yao, na mkalimani mmoja wa pwani, kanzu safi, koti jeusi juu yake. Aliona mavumbi yetu akaziba pua. "Enyi watoto, mwataka nini hapa?"

Mwenzangu alikuwa ameyakariri maneno njia nzima, Kiswahili chetu kilikuwa cha kuchechemea. Akasema, "Tumeleta sale. Babu arudi."

"Mmeleta nini? Sare?" Mkalimani akawageukia watu. "Jamani, mwawasikia? Wataka sare! Wewe mtoto, kofia ya askari itakumeza mpaka magotini!" Baraza zima likacheka. Mwenzangu hakucheka, wala hakulia. Alinyoosha tu mikono miwili na ile sale juu yake, akabaki hivyo.

Askari wa Machame akasema, "Bwana mkalimani, hiyo si sare ya nguo. Kwao hiyo ni—"

"Wewe kazi yako mlango," mkalimani akamkata. "Rudi mlangoni."

Kicheko kile ndicho kilichomtoa Mzungu ofisini. Alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, magoti mekundu, kiko mkono wa kulia. Akauliza kwa lugha yake. Mkalimani akajibu kwa lugha hiyo hiyo, na katika maneno yake nilikamata moja tu, nikalishika, sijui kwa nini: flawa. Mzungu akatabasamu. Akanyoosha mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kiko, akaichukua sale mikononi mwa mwenzangu. Akainusa. Sale haina harufu, lakini akainusa. Akasema jambo.

"Bwana asema ahsanteni, ni zuri sana," mkalimani akatafsiri. "Haya, nendeni."

Ahsanteni! Mwenzangu akaniminya mkono mpaka mifupa ikagongana. Mzungu akaiweka sale juu ya ukingo wa baraza, akaingia ndani. Sisi hatukuona ajabu. Mtu hukaa na sale siku nzima mkononi? Lakini askari wa Machame aliona. Alirudi, akaichukua, maana sale haitupwi, akaenda nayo pembeni ya ngazi, akachimba kwa kisigino, akaichomeka kwenye udongo na kuukanyaga kuizunguka.

"Ameipokea," mwenzangu akamwambia.

"Nimeona," askari akasema. Hakutazama uso wake.

Tulipotoka tukawakuta wafungwa upande wa pili wa ukuta, wanapaka chokaa. Babu alikuwa mmoja wao. Nyusi zimekuwa nyeupe, mikono nyeupe, brashi ya mkonge inatiririka. Niliona amekonda. Mwenzangu akapiga kelele bila kuogopa mtu:

"Babu! Ameipokea! Tumempa sale, ameipokea!"

Babu akasimama. Hakututazama sisi, alimtazama yule askari wa Machame nyuma yetu. Niligeuka nikamwona askari akitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Niliona, wala sikuelewa. Babu alielewa. Akaweka brashi ndani ya ndoo taratibu.

"Ameipokea?"

"Kwa mkono wake, babu. Akasema ahsanteni!"

"Basi yamekwisha," babu akasema. Akacheka, chokaa ikamdondoka usoni kama unga. "Si niliwaambia nina nyumba mbili? Leo naipaka hii rangi, isije ikasemwa nimeiacha chafu. Nendeni nyumbani kabla jua halijageuka. Ulinde moto wangu, mama, usije ukazimika. Na mtori msinimalizie."

Hivyo ndivyo alivyosema, na hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Tulirudi tukikimbia. Njia nzima tulibishana jambo moja tu. "Alipokea kwa kushoto," nikasema. "Kwa kushoto inahesabika?" Mwenzangu akawaza mpaka tukapita shamba zima la kahawa. "Mzungu hajui mikono," akasema mwishoni. "Kwake yote ni ya kulia. Amepokea." Nikaridhika. Nyumbani mama alinichapa kwa ufito wa mbuni, akamchapa na mwenzangu, na alipoambiwa tulikotoka akaketi chini akalia, ufito ukiwa bado mkononi. Baba na wazee walisikiliza habari yote mara mbili. Hakuna aliyesema ni uongo, hakuna aliyesema ni kweli. Baba yake mdogo alirudia tu, "Alisema ahsante?" Kwa kosa lile sikumlaumu mtu. Sisi watu wa sale tulijua kitu kimoja, kwamba kupokea ndiko kujibu. Haikutupitia akilini kwamba kuna watu duniani wanaopokea tu.

Mwenzangu akapika mtori. Siku ya pili ukachacha, tukawamwagia ng'ombe, akapika mwingine. Jumatatu tukasikia mluzi wa treni kule chini bondeni, mrefu, kama mnyama anayeita mwenzake. Mwenzangu alikuwa amepiga magoti anapuliza moto wa babu. Hakuinua kichwa. "Hiyo si yake," akasema.

Ilikuwa yake. Baada ya mvua za masika kupita na kupita tena, mtu mmoja wa Poli, kijiji jirani, aliyetoka jela alipitia kwetu, akasema babu alifariki kwa homa kule kule, wakamzika kule kule. Mwenzangu hakulia mbele ya yule mtu. Aliuliza swali moja tu: "Mlimpandia sale?" Yule mtu akasema, "Mama, kule hakuna sale. Kule kuna mkonge."

Swali lile hakuliacha maisha yake yote. Nani alimpandia babu sale? Mtu analala vipi bila kitu kichwani? Aliolewa na kaka yangu, na nilijua sababu mojawapo ni kwamba hakutaka kuhama mbali na jiko lile. Siku ya kuolewa alivuka mpaka wa sale amebeba kaa la babu kwenye kigae, moshi unamwingia machoni, wanawake wanapiga vigelegele. Moto ukawa wake. Aliufukia jioni, akaufukua asubuhi. Akazaa juu yake, akazika juu yake. Majirani waliomba kaa kwake mpaka viberiti vilipojaa madukani, na hata hapo wazee waliendelea kuomba, kwa heshima.

Na lile neno nililolikamata Boma nilikaa nalo kama changarawe chini ya ulimi. Siku moja mwanangu wa kwanza alirudi kutoka shule akisoma kitabu cha Kiingereza kwa sauti, likamtoka. Nikaacha kupepeta. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema, "Ua, mama. Flawa ni ua." Nikatoka nje nikasimama kwenye migomba muda mrefu. Mwenzangu sikumwambia. Babu alimwachia ile furaha kwa makusudi, chokaa usoni. Mimi ni nani niende kumnyang'anya?

Siku ile walipoteremsha bendera ya Mwingereza tukapandisha yetu, tulikuwa pamoja, wanawake wazima, watoto migongoni. Watu wanaimba. Mwenzangu akanisogelea sikioni, meno yake na lile pengo. "Si nilikwambia alipokea?" akasema. "Kapokea, kageuka. Unaona boma lao lilivyokauka? Sale haikosei." Nikamwambia, "Haikosei, dada." Na tangu hapo sina uhakika kama nilikuwa namdanganya.

Sasa hayupo. Siku tuliyomzika tulikuwa wote kaburini, wanawake wote, wanaume wote, wajukuu wenye miwani ya jua. Niliporudi nikaingia jikoni kwake nikakuta majivu baridi. Hakuna aliyeuzima moto wa babu. Ni kwamba tu hakukuwa na mtu wa kuufukua. Watoto wake wana majiko ya gesi, wanakugeuzia kitufe, tap! moto huo, hauna hata baba. Mfereji wetu umekauka, migomba imekatwa kupisha nyumba za kupangisha, na mpaka wa sale umewekewa ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu. Watu wakikosana wanatumiana radhi kwenye simu. Nimeona harusi mjini sale imetiwa kwenye chupa ya maji juu ya meza, na watu wa kwetu, watu wa damu yangu, wakala kando yake bila kujua inasema nini.

Ndiyo maana nilikaa chini kwenye ngazi zile. Siwezi kuapa kwamba kichaka kile ni kile. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yanapelekwa kwa daktari. Lakini sale ni ngumu kufa. Unaikata, inatoka tena. Na ilikuwa pale pale, pembeni ya ngazi, alipochimba yule askari kwa kisigino.

Binti wa makumbusho aliniletea maji kwenye glasi. Akachuchumaa mbele yangu. "Bibi, kuna shida na ua letu?"

"Hilo si ua, mwanangu. Palipopandwa hii, ama ni mpaka, ama amelala mtu."

Akaogopa, akatazama chini, akasogeza viatu vyake. "Amelala nani hapa, bibi?"

Nikamnyooshea mjukuu wangu mkono ili aniinue. Nikaupapasa ukuta ule. Ulikuwa na joto la jua, chokaa ikanibaki vidoleni.

"Mwenye nyumba," nikasema. "Usiache kumwagilia."

Tukashuka taratibu kwenda kwa daktari wa macho.